Mama, Mbona Wewe Hulowi?

Swali lilinikuta nimekalia khanga pale Coco Beach, sahani ya mihogo ya kukaanga mapajani, viatu vya watu wanne vimenizunguka kama muuza mitumba. Ilikuwa Jumapili moja ya Desemba 2024, saa kumi jioni, na jua la Dar wala si la kusimuliwa. Unalijua mwenyewe, lile linalokuwakia kama linakudai. Binti yangu wa miaka kumi akatoka baharini, maji yanamchuruzika, akasimama mbele yangu.

"Mama, mbona wewe huwa hulowi?"

Nikampa jibu langu la siku zote: nalinda viatu. Akavitazama. Jozi nne za ndala, moja mkanda wake umefungwa kwa waya. "Sasa nani ataiba ndala, mama?" Kisha akatimua mbio kurudi kwa baba yake na mdogo wake, akaniacha na mihogo yangu. Ghafla pilipili ikawa kali.

Hapa inabidi nikuambie jambo la aibu kidogo. Mimi ndiye ninayehariri kurasa za matembezi za jarida hili. Makala za wapi pa kumpeleka mtoto wikiendi zimepita chini ya kalamu yangu nisizoweza kuzihesabu. Nina shahada ya mawasiliano iliyonifundisha kumshawishi mtu afanye kitu. Na katika miaka kumi na tano ya kuishi kwenye mji wenye bahari, maji ya chumvi hayajawahi kunipanda zaidi ya vifundo vya miguu.

Kusema kweli, kwa miaka mingi matembezi ya familia yetu yalikuwa matembezi ya kukaa. Jumamosi tunatoka Sinza na gari, tunaingia kwenye jumba la maduka lenye kiyoyozi, watoto wanachezea mashine za kutumbukiza sarafu, sisi wakubwa tunakaa mezani kila mtu na simu yake. Tunakula piza, tunalipa bili inayouma, tunarudi nyumbani tumekaa kwenye foleni. Siku nzima hakuna aliyetembea hatua mia tano. Halafu usiku watoto hawalali, wanaruka juu ya kochi, na mimi nagomba. Jamani, si walikuwa na nguvu zao hawajazitumia!

Aliyevunja utaratibu huo ni baba watoto, na wala hakuvunja kwa busara, alivunja kwa ubahili. Aliangalia matumizi ya mwezi wa kumi akasema basi. Kuanzia sasa Jumamosi ni ya miguu: mahali popote tutakapokwenda lazima jasho litutoke, na jumla ya fedha isizidi shilingi 30,000. Nikacheka. Watoto wakashangilia, maana hawakujua bei ya piza.

Safari ya kwanza ilikuwa Daraja la Tanzanite. Tangu lilipofunguliwa Machi 2022 tulikuwa tukilipita na gari, vioo vimefungwa. Kwa miguu ni kitu kingine kabisa. Lina urefu wa kilomita 1.03, na ukianzia upande wa Aga Khan saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijashika kasi, upepo unakupiga usoni mpaka mtoto wa miaka saba anatanua mikono eti anapaa. Tulilivuka hadi Oysterbay tukarudi. Njiani walitupita wakimbiaji, na kina mama wawili wenye miavuli wakitembea taratibu kama wanakwenda kwenye harusi. Watoto walihesabu ngalawa chini. Mimi nilitembea upande wa barabara, mbali na kingo. Hakuna aliyeona, nilidhani.

Ushauri mdogo kwa wenye watoto: beba maji ya kutosha na kofia, na ikifika saa tatu muwe mmeshamaliza. Kuanzia Desemba mpaka Machi mji huu haumwonei mtu haya. Ukitaka kutoka jioni, subiri saa kumi ipite.

Jumamosi iliyofuata tukapanda mwendokasi Shekilango hadi Kivukoni. Kwa watoto waliozoea kiti cha nyuma cha gari, lile basi refu linalopita kwenye njia yake peke yake huku magari mengine yamekwama ni burudani tosha. Tukashuka, tukazunguka soko la samaki la Feri, wakaona pweza wananing'inizwa na jodari wanaburutwa sakafuni. Halafu mwanangu akaiona pantoni inaondoka Magogoni, imejaa watu, pikipiki, bajaji na mikokoteni.

"Twende na ile!"

Baba yake akanitazama. Nikasema foleni ni ndefu. Nikasema jua. Nikasema tutarudi siku nyingine na gari, tupite darajani. Na kweli wiki mbili baadaye tulikwenda Kigamboni na gari, tukazungukia Kurasini kupitia lile Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016. Kwenye foleni ya kulipia, binti yangu akasema kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tumezunguka mji mzima ili mama asipande meli."

Baba watoto akaongeza sauti ya redio. Alinihurumia.

Yeye ni mtu wa Pangani. Amekua akivuka mto kwenda Bweni kwa kivuko kama wewe unavyovuka barabara kwenda dukani, na anaogelea bila kufikiri. Mimi ni mtu wa Bukoba niliyekulia Mwanza. Ukiwa msomaji wa umri wangu na kwenu ni kanda ile, huenda tayari umeshajua ninakoelekea.

Ilibidi niwaambie watoto tukiwa Makumbusho ya Kijiji, pale Kijitonyama, karibu tu na kwetu. Sikuwa nimepanga. Tulikuwa tunazunguka kwenye zile nyumba za asili za makabila mbalimbali, watoto wanaingia huku wanatokea kule, mpaka tukafika kwenye msonge wa Kihaya, nyumba ya nyasi iliyoshuka mpaka chini kama kofia. Ndani kuna giza na ubaridi. Nikawaambia bibi yao, mama yangu, amezaliwa kwenye nyumba kama hii, yeye na mdogo wake. Binti yangu akauliza mdogo wake bibi yuko wapi.

Nikakaa chini palepale. Nilikuwa na miaka saba. Mama mdogo alikuwa anakuja Mwanza kutusalimia, na kwenye mzigo wake zilikuwamo ndizi na senene wa kukaanga, kwa sababu nilikuwa nimeagiza. Baba alikwenda bandarini asubuhi kumpokea. Ilikuwa Mei 21, 1996. MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza safari kidogo tu kufika, ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na watu zaidi ya 800 walikufa. Baba alirudi nyumbani usiku. Mama hakuuliza kitu, alimtazama mikono. Ilikuwa mitupu.

Tangu siku ile mama yangu alitukataza maji. Hatukwenda ziwani tena, na ziwa tulikuwa tunaliona dirishani. "Maji si ndugu yako," ndivyo alivyokuwa akisema, hata tukicheza na beseni. Nimekua na sentensi hiyo, nimehamia nayo Dar, na bila kujua nilikuwa naigawa kwa watoto wangu kidogo kidogo: msiende mbali, rudini, inatosha, mtapata mafua.

Mwanangu alifikiri kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo watu wazima wote wa familia yetu hatujawahi kuliuliza. "Mama mdogo alikuwa anajua kuogelea?"

Sijui. Kweli sijui, na mama sikuthubutu kumuuliza. Na najua vizuri kwamba kwenye meli inayopinduka kujua kuogelea huenda kusisaidie chochote. Lakini swali lilinifuata ofisini wiki nzima. Nikafanya kile wahariri wanachofanya wakiogopa kitu: nikakisoma. Nikakuta Shirika la Afya Duniani linashauri watoto waliozidi miaka sita wafundishwe kuogelea na kujilinda majini, sawasawa na wanavyofundishwa kuvuka barabara. Wanangu walikuwa wanafundishwa na baba yao mara moja kwa mwezi, kwa mzaha mzaha, huku mama yao akipiga kelele kutoka ufukweni warudi. Sasa hilo ni somo gani?

Januari 2025 nikawaandikisha kwenye bwawa la kuogelea la jirani, kila Jumamosi asubuhi. Kocha akaniuliza ni wangapi. Nikasema wawili. Binti yangu akamwambia, "Watatu."

Shoga yangu, kama hujawahi kujifunza kitu kipya na watoto wa darasa la pili, nakuomba ujaribu, angalau upunguze majivuno. Nilikuwa na miaka 36, nimevaa taiti ndefu na fulana ya kampeni ya chandarua, nimeshikilia ukingo wa bwawa kwenye maji ya kifuani, kushoto kwangu mtoto mwenye pengo, kulia kwangu mwanangu. Zoezi la kwanza: kuzamisha uso na kupuliza mapovu. Mtoto mwenye pengo alipuliza. Mwanangu alipuliza. Mimi nililia. Sikulia kwa sauti, na kwa bahati nzuri kwenye bwawa machozi hayaonekani, lakini kocha aliona mabega. Hakusema lolote la kunitia moyo, na namshukuru kwa hilo. Alisema tu, "Mama, leo ukilowesha kidevu inatosha."

Wiki ya kwanza kidevu. Wiki ya pili pua. Wiki ya tatu nilizamisha uso mzima, nikafumbua macho, nikaona miguu ya watu inachezacheza kwenye buluu ile, nikainuka nikipiga kelele ya furaha hadi mlinzi akaja kuangalia. Kilichonishangaza ni kuelea. Nilidhani kuelea ni kazi, kumbe ni kuacha kufanya kazi: unalala chali, masikio majini, unanyoosha mikono, unavuta pumzi unaijaza kifuani, na maji yanakubeba. Ukikakamaa unazama. Binti yangu ndiye aliyenishika kisogo mara ya kwanza, kiganja chake kidogo chini ya kichwa changu, na alipokitoa hakunitaarifu.

Nisikudanganye kuwa nilikuwa muogeleaji baada ya Jumamosi nane. Mpaka leo naogelea kama mtu anayetafuta hereni aliyoiangusha. Ila nafika ng'ambo ya bwawa, na nikichoka nageuka chali.

Mwanzoni mwa Machi nikasema mwenyewe, mezani, bila kuulizwa: kesho tunavuka na pantoni.

Tulifika Magogoni saa mbili asubuhi. Nauli yangu ilikuwa shilingi 200, na sijawahi kununua kitu kikubwa kwa bei ndogo hivyo. Kama unapajua, unajua hali ya pale geti linapofunguliwa: watu wanakwenda kama maji yaliyofunguliwa bomba, wenye ndoo za samaki, wanafunzi, mafundi na misumeno yao, bodaboda wanaburuta pikipiki. Baba watoto akambeba mdogo, mimi nikamshika mkubwa, au tuseme yeye alinishika mimi. Tukapanda juu. Nikatafuta kwa macho jaketi za kujiokoa ziko wapi. Nikaziona. Nikahesabu hatua za kuzifikia. Watoto nao wakahesabu, wakidhani ni mchezo, na nakushauri huo uwe mchezo wenu kila mnapopanda chombo chochote cha majini.

Kivuko kikatingishika kikaondoka, na tumbo langu likabaki Magogoni.

Kisha nikainua macho. Nimeishi mjini hapa miaka yote hiyo sijawahi kuuona kutoka upande ule: mnara wa kanisa la Azania Front, maghorofa yamejipanga nyuma yake, winchi za bandarini upande wa pili, na katikati sisi, tumesimama juu ya maji. Meli kubwa ya makontena ilikuwa inaingia bandarini, tukaisubiri ipite. Ilikuwa kama mtaa mzima unatembea. Mwanangu alipunga mkono, na kule juu kabisa mtu mdogo kama punje akampungia. Muuza korosho akapita. Mama mmoja aliyesimama karibu yangu, kilemba kizuri cha kitenge, akaniangalia nilivyong'ang'ania bomba akaniuliza, "Mgeni?" Nikamjibu ndiyo. Akasogea kidogo, akaniachia nafasi nzuri ya kuona.

Safari haikufika hata dakika kumi. Kigamboni tulitembea kwa miguu, tukanywa madafu, tukarudi na pantoni inayofuata. Watoto waliomba turudie. Tukavuka mara nne. Jumla ya matumizi ya siku, pamoja na madafu na chipsi mayai, haikufika ule ukomo wa 30,000, na baba watoto alitembea kifua mbele kama waziri wa fedha.

Baada ya hapo Mbudya halikuwa jambo la kujadiliwa tena. Kisiwa hiki kiko kaskazini mwa jiji, na maji yanayokizunguka ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na ya wenzake Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Boti zinaondokea upande wa Kunduchi. Nilikuwa nimeshaandika kuhusu Mbudya mara tatu, nikinakili maelezo ya waliokwenda. Mara zote nilikuwa nimesahau kuandika jambo ambalo mtu wa Pangani ananiambia ndilo la kwanza: angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Ukifika wakati wa maji kupwa, watoto wana uwanja mzima wa kupekua, kaa wanakimbia, viti vya pweza, majongoo bahari, na sheria yetu ni kutazama bila kuchukua. Ukitaka kuogelea, subiri maji yaanze kujaa.

Tulivaa jaketi wote, na boti ilipoacha ufuko nilishika ukingo kwa mkono mmoja tu. Huo mwingine ulikuwa umeshikwa.

Pale Mbudya tulipata kibanda cha makuti, tukaagiza samaki wa kukaanga. Maji yalikuwa ya rangi ile ambayo kwenye picha huwa namuuliza mpiga picha kama ameichezea. Watoto wakaingia na baba yao. Nikatandika khanga. Nikapanga ndala jozi nne mstari mmoja. Nikazitazama.

Halafu nikaziacha zijilinde zenyewe.

Bahari si bwawa. Ina chumvi, inakusukuma, na chini mchanga unakuchimbika nyayoni. Nilienda hadi kiunoni, hadi kifuani, nikasimama. Watoto walinyamaza, na wale hawanyamazi hovyo. Baba watoto akaja akasimama nyuma yangu bila kunigusa. Nikavuta pumzi, nikajaza kifua, nikajilaza chali. Masikio yakaingia majini, makelele yote ya kisiwa yakakatika. Kulikuwa na anga tu, na jua, na maji ya vuguvugu chini ya mgongo.

Nilimfikiria mama mdogo. Nilikuwa naogopa kwamba nikiingia majini nitamfikiria jinsi alivyoondoka. Nilimkumbuka anavyocheka, kitu nilichodhani nimeshakisahau.

"Mama amelowa!" Sauti ya mwanangu, kwa mbali. "Mama amelowa mpaka nywele!" Nywele zenyewe nilikuwa nimetoka kuzisuka juzi yake, kwa bei ambayo baba watoto hajaambiwa mpaka leo.

Picha alinipiga binti yangu. Imepinda, na kidole chake kimeingia kwenye kona, lakini naonekana, uso umetazama juu, mikono nimeinyoosha. Usiku nikaikodolea macho muda mrefu, kisha nikamtumia mama, Mwanza. Nikaona ameifungua. Dakika kumi, kimya. Dakika ishirini. Nikaanza kujilaumu. Nikaandika samahani, nikaifuta kabla sijaituma.

Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanyamaza. Nilimsikia anavyopumua, na nyuma yake televisheni ya jirani. "Hiyo picha. Nani alikuwa amekushika?"

"Hakuna mtu, mama. Naelea mwenyewe."

Akanyamaza tena, muda mrefu hivi kwamba nikaangalia kama simu imekatika.

"Maji yalikuwa ya baridi?"

"Hapana, mama. Ya vuguvugu."

"Haya," akasema. "Ya kwetu ni ya baridi."